Fluval Evo ya lita 52 kwa mkazi wa Mwanza: tangi ni zuri, kazi iko kwenye maji

Fluval Evo ya lita 52 ni tangi la kioo la kufugia viumbe wa baharini, linalouzwa likiwa na vyombo vyake vingi: taa ya LED, kifuniko chenye tundu la kulishia, pampu, na nyuma yake chemba za kuchujia zenye sponji, kaboni na vipande vya kauri. Kwa anayeanza kufuga matumbawe laini (yasiyo na mifupa ya mawe) na samaki wawili nyumbani, tunalipendekeza bila kusita. Tatizo ni kile ambacho hakimo kwenye boksi. Hakuna hita, hakuna kipimo cha chumvi, hakuna mashine ya RO (ya kusafisha maji kwa utando) wala umeme wa akiba, na kwa mtu wa Nyegezi au Igoma hivyo vinne ndivyo vinavyoamua kama matumbawe yataishi. Mwenye pesa ya tangi tu asubiri kwanza.

Tuanze na kilicho rahisi. Likijaa maji, mchanga na mawe, tangi hili hukaribia kilo 75, kwa hiyo meza nyepesi ya runinga haifai. Liweke juu ya kabati imara, upime kwa pima maji ya fundi, mbali na dirisha la jua la mchana. Mawe na mchanga vikishaingia, maji halisi hubaki lita 43 hadi 45, na hiyo ndiyo namba ya kutumia kila unapopima dawa au kirutubisho. Wengi hupigia hesabu lita 52 na kuzidisha dozi. Taa inatosha kwa matumbawe laini. Iwashe kwa muda wa saa 6 kila siku katika mwezi wa kwanza wa tangi, kisha kwa saa 8. Pampu inazungusha maji vizuri kwenye chemba lakini mbele huacha pembe zilizotulia ambako uchafu hulala. Kapampu kadogo ka mawimbi ka lita 1,000 kwa saa kanamaliza shida hiyo.

Sasa maji. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800, na maji ya bomba ya Mwanza yanatoka humo, lakini tone lake halipaswi kuingia kwenye tangi la matumbawe kabla ya kupita RO. Ubaya wake hauko kwenye wingi wa madini. Maji ya ziwa hili ni laini sana. Upitishaji wake wa umeme uko karibu na mikrosimensi 100 kwa sentimita, ambayo kwenye kipima TDS, kifaa kinachoonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini, husomeka kama 50 hivi. Ubaya uko kwenye klorini ya kusafishia, pamoja na fosfeti, nitreti na silika. Kiasi kinachopita salama mwilini mwa binadamu kinatosha kabisa kulisha mwani wa kahawia na wa kijani hadi ukafunika kila jiwe. Mwenye kisima awe mwangalifu zaidi, maana visima vya kwenye miamba yetu hutofautiana nyumba kwa nyumba, na nitreti huweza kuwa juu karibu na vyoo vya shimo.

Huo ulaini wa maji ya ziwa una faida yake: rezini, yaani punje za hatua ya mwisho ya mashine zinazonasa madini yaliyobaki, hudumu muda mrefu kuliko kwa mtu anayetumia maji yenye madini mengi. Nunua mashine ya hatua nne, yaani sponji ya mashapo, kaboni, utando wa RO na rezini, na hakikisha kaboni inatangulia utando, kwa sababu klorini huula. Kipima TDS kikisoma 0 baada ya rezini, maji yako tayari. Kikianza kusoma 2 au 3, badilisha rezini siku hiyo hiyo, usisubiri mwani ukukumbushe.

Kinachowaangusha watu wengi hapa ni msukumo. Utando wa RO wa kawaida unapimwa kiwandani kwa msukumo wa baa 4 hivi. Simtenki iliyo juu ya mnara wa mita 5 inatoa nusu baa tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni baa moja. Ukiunganisha mashine kwenye mfumo huo, maji safi yatadondoka kama machozi, maji taka yatakimbia, na TDS itabaki juu. Mnunuzi atadhani ameuziwa utando mbovu. Ongeza pampu ndogo ya kusukuma ya volti 24 inayouzwa kwa ajili ya mashine za RO na mambo yatanyooka. Maji taka ya mashine, ambayo ni lita tatu au nne kwa kila lita moja safi, yakinge kwenye ndoo ufulie au umwagilie bustani.

Njia ya mkato ni kununua madumu ya lita 20 kwenye duka la maji. Inawezekana, ila nenda na kipima TDS mfukoni. Maduka mengine yanatumia RO kweli, mengine yanachuja kwa mchanga na taa ya UV tu, na taa ya UV inaua vijidudu bila kuondoa fosfeti hata chembe. Maji ya chupa ya kunywa nayo mara nyingi huongezwa madini kwa ajili ya ladha.

Chumvi ya kupikia haifai, hata ile ya baharini, kwa sababu ikikauka viwandani sehemu kubwa ya kalsiamu na magnesiamu hubaki nyuma. Tumia chumvi ya akwariamu; Instant Ocean inatosha kwa matumbawe laini. Hesabu gramu 36 hadi 38 kwa lita, yaani kilo 1.7 hivi kwa kujaza mara ya kwanza na gramu 185 kwa kila lita 5 za kubadilisha. Kwa mwaka mzima ni kama kilo 12, kwa hiyo kununua ndoo kubwa moja kunapunguza gharama ya kusafirisha vifurushi vidogo. Ifunge kabisa wakati wa masika, maana hunyonya unyevu na kuwa jiwe.

Kuchanganya kuna utaratibu wake. Maji kwanza, chumvi baadaye, kidogo kidogo, huku pampu ikizungusha. Ukiweka chumvi chini kisha ukamwaga maji juu, kalsiamu na kabonati hukutana zikiwa nzito mno na kuganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena, na hapo maji yamepungukiwa kile kile matumbawe wanachohitaji. Acha izunguke saa 24 kwenye nyuzijoto 25, kisha pima kwa refraktomita, yaani kipimo cha chumvi: sehemu 35 za chumvi kwa elfu, au uzito wa 1.026 ukilinganishwa na maji safi. Refraktomita irekebishwe kwa kimiminika maalumu cha 35, kwani ukiirekebisha kwa maji safi peke yake inaweza kukudanganya huko juu unakopima.

Kinachopungua tangini kwa joto ni maji, chumvi inabaki. Lita 2 zikitoweka kwenye lita 45, chumvi inapanda kutoka 35 hadi 36.6. Chora alama kwenye kioo cha chemba ya pampu na kila asubuhi jazia hadi hapo kwa maji ya RO matupu, kamwe si ya chumvi.

Kuhusu joto, Mwanza ina nafuu kubwa kuliko Dar es Salaam. Mashine ya kupoza maji haihitajiki. Mchana wa jua kali fungua kifuniko, elekeza feni ndogo juu ya maji, utapata nafuu ya nyuzi 2 au 3. Usiku wa Juni na Julai ndio unaodai hita. Wati 50 zinatosha, zikae kwenye chemba ya nyuma. Iunganishe kupitia kidhibiti joto cha nje, kwa sababu hita ikiharibika mara nyingi hukwama ikiwa imewaka.

Jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa pwani hailigusi ni mwinuko. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa nyepesi inamaanisha oksijeni kidogo majini. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yaliyo usawa wa pwani hushika miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita. Hapa hushika 5.8. Samaki wawili hawatahisi tofauti pampu ikiwa inafanya kazi. Umeme ukikatika saa tisa usiku, ile akiba ndogo ndiyo inayoisha mapema, na samaki, matumbawe na bakteria wa kwenye mawe wote wanavuta humo humo. Dawa yake ni nafuu: pampu ya hewa ya USB inayokula wati 1.5 na pawabanki ya mAh 20,000, ambayo itaiendesha zaidi ya saa 30. Tafuta aina inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Weka pia kinga ya umeme kama ya friji, maana taa za LED na pampu huungua umeme unaporudi kwa kishindo.

Kifuniko, ambacho wafugaji wengi wa nje hukitupa, hapa kitunze. Wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi hufuata taa, na usiku mmoja tu wanaweza kujaza uso wa maji. Wakioza, fosfeti inapanda. Kibaya zaidi ni dawa ya kupuliza inayowafuata. Viuadudu vya jamii ya pairethroidi huua kamba na kaa kwa kiasi kidogo sana, na samaki hawako mbali. Chumba chenye tangi kisipulizwe kabisa. Kama ni lazima kupuliza chumba jirani, funga mlango, funika tangi kwa taulo lenye maji na uzime pampu ya hewa, kwani ndiyo inayoingiza hewa ya chumba moja kwa moja majini.

Mawe yapo kila mahali mjini hapa, na kishawishi cha kuokota ni kikubwa. Itale yetu haitii sumu majini, lakini ni nzito na haina vitundu, na bakteria wanaosafisha taka za samaki wanahitaji vitundu. Nunua mwamba mkavu wa akwariamu, kilo 5 hivi. Mchanga wa ziwa nao uache huko huko. Una matope na hauna kabonati ya kushikilia pH (kipimo cha uasidi wa maji). Kilo 6 za aragonaiti, mchanga wa kabonati ya kalsiamu, zinatoa kina cha sentimita 2.5.

Kisha subiri bakteria hao waote. Weka amonia hadi miligramu 2 kwa lita pamoja na bakteria wa chupa, zima taa, pima kila baada ya siku mbili. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Tangi limekomaa pale linapoweza kumaliza hiyo amonia ndani ya saa 24, amonia na nitriti zikasoma 0 na nitreti ikaonekana. Baada ya hapo unga wa kahawia utafunika mchanga kwa wiki kadhaa. Hao ni diatomu, aina ya mwani mdogo sana, wanaondoka wenyewe, usiwape dawa.

Samaki wa kuanzia ni klauni wawili, Amphiprion ocellaris waliozalishwa kwenye matangi. Yule wa bluu ambaye watoto humwomba, Paracanthurus hepatus, hufika sentimita 30. Tangi hili kwake ni kifungo. Matumbawe ya kuanzia ni Discosoma, wenye umbo la uyoga, na zoantidi, wanaoota kwa makundi kama maua madogo. Usikubali tumbawe lililong'olewa baharini, hata muuzaji akiapa. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo ukiagiza kutoka nje ya nchi dai kibali.

Mzigo ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam unakaa njiani zaidi ya saa 15. Mfuko utafika umevimba kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo mwambie muuzaji asiujaze hewa hadi ukakakamaa. Usifungue kisha ukadondosha maji ya tangi taratibu kwa saa mbili kama inavyoshauriwa kwa safari fupi. Ndani ya mfuko kaboni dayoksaidi imeshusha pH na kuifanya amonia isidhuru sana. Ukifungua tu, pH inapanda na amonia inageuka sumu. Weka mfuko uliofungwa uelee tangini dakika 20 joto lilingane, fungua, pima chumvi, hamisha samaki kwa kikombe mara moja, maji ya mfuko yamwage. Ni vizuri kumwuliza muuzaji kiwango chake cha chumvi mapema, ili uandae ndoo ya karantini yenye kiwango hicho hicho.

Baada ya hapo, kila wiki badilisha lita 5, suuza sponji kwenye yale maji ya chumvi uliyoyatoa (si ya bomba, klorini itaua bakteria), safisha kioo, pima alkalini, yaani uwezo wa maji kushikilia pH. Ikae kati ya dKH 8 na 9 (dKH ni kizio chake) bila kuyumba. Kaboni badilisha kila mwezi. Ukifanya hivyo, matumbawe laini hayahitaji dozi yoyote ya ziada.

Na zoantidi wasishikwe kwa mikono mitupu. Baadhi yao wana palitoksini, sumu kali inayopita kwenye mkwaruzo na machoni. Vaa glavu na miwani ukiwakata, wala jiwe lao usilichemshe wala kulimwagia maji ya moto kwa nia ya kulisafisha, kwani mvuke wake umelaza familia nzima nzima hospitalini katika nchi nyingine.

Anayelenga Acropora na matumbawe mengine magumu asinunue hili. Lita 45 zinabadilika haraka mno kwa viumbe hao, na taa hii haitoshi. Aweke akiba hadi afikie lita 150 na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu), na mashine yake ya RO aitumie kwa maji ya kunywa wakati akisubiri, ila atoe bomba la kunywa kabla ya rezini.