Uzoefu wangu: ziara ya mipakani Aachen mpaka Eupen, swali langu halikuwemo kwenye ratiba

Safari yenyewe ilikuwa kabla baridi haijakolea, nilisema nitaandika nikishapoa, naona sipoi, basi naandika hivihivi.

Kuna hawa jamaa wanaopeleka wanafunzi wa kigeni ziara ya siku moja, mnaondoka Aachen, Ujerumani, asubuhi, mnazunguka mipakani Uholanzi na Ubelgiji, jioni mmerudi. Wanaiita ziara ya masomo. Masomo! Basi zuri, dereva mstaarabu, hapo sina neno. Shida ni tua gaidi wetu, yaani yule mwongoza watalii, na sijui nani alianza kuwaita hivyo kwa Kiswahili ila huyu jina lilimkaa sawasawa.

Asubuhi ilikuwa raha tupu. Tulianzia Vaalserberg, wenyewe wanauita mlima, mita 322, mi nimekulia Kigoma ambako hata ziwa liko juu kuliko huo mlima wao, lakini sawa. Pale juu kuna kijinguzo cha jiwe, ukikizunguka umeshatoka Uholanzi umeingia Ubelgiji umeingia Ujerumani, soda yako mkononi, hakuna wa kukugongea muhuri wala wa kukuita chemba. Zamani eti zilikutana nchi nne, kulikuwa na kipande kinaitwa Moresnet kilichoachwa katikati tangu 1816 kwa sababu Waprusia, yaani Wajerumani wa enzi hizo, na Waholanzi waligombea mgodi wa zinki pale Kelmis, kila mmoja hataki kumwachia mwenzie, wakaamua wakisimamie wote wawili, na mambo yakakaa hivyo zaidi ya miaka mia. Tua gaidi alilisimulia hilo vizuri mno, nilicheka mpaka mbavu. Saa hiyo ungeniuliza ningempa nyota tano na ya sita ya kwangu.

Tukaenda Eupen. Ni Ubelgiji lakini watu wanaongea Kijerumani, maana ilikuwa Ujerumani mpaka vita ya kwanza ilipoisha, mkataba wa Versailles ukawapa Wabelgiji. Akatueleza, tena kwa uchungu kabisa, kwamba yaliwekwa madaftari, asiyetaka kuwa chini ya Ubelgiji aende akaandike jina lake, hadharani, sio kura ya siri, na kati ya watu 33,726 waliokuwa na haki hiyo walioandika ni 271 tu. Hapo akanyamaza kidogo ili tuhuzunike, na kweli tukahuzunika.

Sasa mi nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu, Kijerumani changu cha kuungaunga: vita ni ileile, aliyenyang'anywa Mjerumani yuleyule, aliyepewa Mbelgiji yuleyule, si ndo akapata na Ruanda-Urundi, Rwanda na Burundi za leo, je kule nani alipelekewa daftari? Sikuwa natafuta ugomvi jamani. Wabelgiji waliingia mpaka Kigoma 1916, wazee wa kwetu walikuwa wanahesabu miaka ya kuzaliwa kwa kusema wakati wa Mbelgiji, kwahiyo mi hilo sikulitoa kitabuni.

Akaangalia saa. Hakuniangalia mimi, aliangalia saa, akasema hiyo mada nyingine, haimo kwenye ratiba, leo tuko Ulaya. Halafu akawageukia wenzangu, meno yote nje, nani anataka kahawa? Watu wakacheka kile kicheko cha kutojua ufanye nini, mi nimebaki na mkono nusu juu kama nasimamisha bodaboda. Dada mmoja Mrundi nyuma yangu akaninong'oneza, "Kaka, ungemwacha anywe kahawa kwanza."

Kuanzia hapo kila kitu kikaniudhi. Basi likaanza kunuka. Wana keki yao ya wali inaitwa Reisfladen, wali wa maziwa umemwagwa ndani ya mkate mtamu, nikaiona ya hovyo, ingawa vipande viwili nilimaliza.

Mchana tukapelekwa Vennbahn, reli ya zamani ambayo siku hizi ni njia ya baiskeli, na hapa palinitesa kwa sababu ni pazuri kweli. Ile njia yenyewe ni ardhi ya Ubelgiji hata inapokatiza Ujerumani, walipewa reli yao ipite bila bughudha, kwahiyo mtu anatoka mlangoni kwake Ujerumani, anavuka lami nyembamba ambayo ni Ubelgiji, hatua chache tu, anaingia tena Ujerumani kununua mkate. Tua gaidi akasema, mnaona, mpaka ulihamishwa kwa ajili ya reli, ajabu gani hii! Nikauma ulimi. Ningemwambia kuhusu Gisaka, kule mashariki ya Rwanda, ilivyokatwa akapewa Mwingereza kwa ajili ya reli ambayo hata haikujengwa, ikaja kurudishwa baadae. Nikaogopa saa yake.

Nilitaka kumpa nyota moja. Lakini nikiwa mkweli sijawahi kujifunza mengi hivyo kwa siku moja, na huyu bwana anaijua kazi yake, ndo maana inauma, asingekuwa anajua ningemsamehe. Basi mbili. Hapana, moja, ile nyingine mpeni dereva.

Mwisho wa safari walitugawia fomu ya maoni, chini kuna mistari mitatu ya "una swali lolote?" Nikaliandika lilelile, herufi kubwa, na barua pepe yangu nikaweka. Mpaka leo kimya, juzi tu wamenitumia tangazo la ziara ya soko la Krismasi.