Uzoefu wangu na studio ndogo ya usanifu Moshi: nyumba ya mama, duka la kahawa na kibanda cha maonyesho

Nimeshawapa kazi tatu studio moja ndogo ya usanifu majengo hapa Moshi: nyumba ya mama yangu kihambani (shamba letu la ukoo) Kibosho, duka langu la kahawa mjini, na kibanda cha kukunja tunachosafiri nacho kwenye maonyesho. Zote zimekwisha, zinatumika, na masika zimeshaiona. Nilisubiri makusudi hadi hapo, kwa sababu nyumba isiyowahi kunyeshewa huwezi kuisifu wala kuilaumu.

Ndugu na majirani huniuliza sana: ya nini kumlipa msanifu wakati ramani zinauzwa mtandaoni kwa bei ya chee, na fundi mwenye uzoefu anaweza kukuchorea sebule, jiko na vyumba kwenye daftari? Mimi nasema ipo haja, tena kubwa. Ramani ya kununua huchorwa kwa ajili ya kiwanja tambarare ambacho mchoraji hajawahi kukikanyaga. Kihamba chetu kimeinama, kina kahawa, migomba na makaburi ya wazee, na anaishi humo mama mwenye magoti yanayouma. Hayo hayamo kwenye ramani yoyote ya kuuzwa.

Ofisi yao ipo ghorofani mjini na watu wake ni wachache. Yupo dada msanifu ambaye ndiye mwenye ofisi, vijana wanaochora, na mkadiriaji majenzi, yaani mpiga hesabu za gharama za ujenzi, anayeitwa kazi ikihitaji. Kabla ya kulipa chochote niliomba kuona usajili wake, maana kwa sheria ya mwaka 2010 msanifu anatakiwa awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Alinitolea cheti bila kununa, akaniambia nihakiki jina lake kwenye bodi yenyewe nikitaka. Malipo tuliyagawa kwa hatua: mchoro wa awali, michoro ya kuombea kibali, michoro ya kumpa fundi, kisha usimamizi. Sikutoa fedha ya hatua inayofuata kabla sijashika mkononi nilicholipia.

Sasa nyumba ya mama, ambayo ndiyo iliyonifanya niwaamini.

Fundi wetu, mtu hodari sana wa mawe, alikuwa ameshauri tulete katapila lichimbe mlima tupate uwanja, ndipo tuweke nyumba. Wengi huku wanafanya hivyo. Dada msanifu alipofika hakutoa futi wala karatasi. Alimwamkia mama, akakaa, akanywa chai, kisha akaomba amfuate tu katika kazi zake za asubuhi. "Haya mwanangu, kama una muda," mama akamjibu, akiwa ameshangaa kidogo. Wakatoka jikoni wakaenda bandani kwa ng'ombe, maana huku ng'ombe hawatoki kuchungwa, majani na migomba wanaletewa palepale. Bandani wakaenda kwenye pipa la maji, wakarudi jikoni, wakatoka tena. Dada alikuwa nyuma na kidaftari, anaandika mama anaposhika ukuta, anapobadilisha ndoo mkono, anaposimama kupumua.

Baadaye akaomba matofali na mbao. Akapanga kidato kimoja kirefu na kingine kifupi pale uani, akamwambia, "Mama, panda hapa, halafu panda na hapa." Kwenye kile kirefu mama alinyamaza na mkono ukaenda ukutani. Kwenye kile kifupi alipanda huku akiendelea kumsimulia habari za jirani. Dada akakipima: sentimita 15. Vidato vyote vya nyumba ile ni sentimita 15, vipana, vya kuweka mguu mzima. Nimeshaona nyumba nyingi za kifahari mkoani kwetu ambazo wazazi waliojengewa hawafiki vyumba vya juu kwa sababu ngazi zimewashinda, na naumia kila nikiziona.

Suala la katapila alilitatua kwa maneno ambayo hata fundi aliyakubali. Ukichimba mlima, alisema, lazima ujenge ukuta wa kuzuia udongo, na masika maji yanajaa nyuma ya ukuta huo na kuusukuma, kwa hiyo utataka mtaro nyuma yake, kokoto, na matundu ya kutolea maji. Fedha inazikwa pale kabla hujaanza hata msingi wa nyumba. Kahawa nayo itang'olewa. Halafu akataja jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi yeyote. Moshi tupo kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, na hiyo ndiyo miezi yetu ya baridi. Kaskazini ya Kibosho ni mlimani. Ukikata mlima unajiwekea ukuta wa udongo mbele ya madirisha yaleyale yanayotakiwa kuingiza jua wakati mama anatetemeka, na unaificha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, pia.

Basi nyumba ikafuata mteremko. Ina viwango viwili vya sakafu, sebule na chumba cha mama zikiwa juu, vyumba vya wageni vikiwa chini, kwa sababu Desemba tunapanda wote na watoto na nafasi inahitajika. Msingi ni wa mawe ya hukohuko. Upande wa juu wa nyumba, mlimani, upo mtaro unaoyapokea maji ya mvua kabla hayajafika ukutani na kuyazungusha hadi kwenye migomba. Upande wa magharibi madirisha ni madogo, jua la alasiri lisichome. Julai iliyopita nilimkuta mama sebuleni saa nne asubuhi, amekaa juani ndani ya nyumba yake, anapukuchua maharage.

Jiko la kuni wadogo zangu walitaka liondolewe. Gesi ipo, kuni za nini? Msanifu alisimama upande wa mama, na namshukuru. Gesi ni ya chai na mboga za haraka, ila ndizi za ukoo mzima zinapikwa kwenye kuni, na jikoni ndiko wanakokaa watu. Alilijenga pembeni, likaunganishwa na nyumba na banda kwa njia iliyoezekwa ili mama asinyeshewe. Mafiga yameinuliwa hadi usawa wa kiuno asiiname, bomba la moshi linapita juu ya mgongo wa paa, na chini ya paa, mkabala na mlango, imeachwa nafasi ya hewa. Moshi unatoka. Mama hafuti tena macho kwa kanga akipika.

Maji nayo yalipigiwa hesabu mbele yetu, nyuma ya bahasha. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 2,400, toa kidogo zinazopotea. Akasema huku maji kwenye paa hayakosekani, shida ni mahali pa kuyaweka, na kwamba tangi la lita 5,000 linajaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Tukaweka mawili, moja likijaa linamwagia jingine, na ziada inashuka mgombani. Paa lenyewe limetoka nje ya ukuta kwa futi tatu. Watu walisema tunapoteza bati. Masika imepita na kuta zetu hazina ile michirizi ya matope chini. Bati ni geji 28, ambayo ni nene kuliko 30 inayopendwa kwa unafuu wake, na katika hilo hakukubali kushuka.

Duka la mjini sitalieleza kwa kirefu. Ni fremu ya zamani, ya enzi za maduka ya Wahindi yenye baraza mbele: nyembamba, ndefu, giza kuanzia katikati. Nilidhani nitaletewa dari ya jipsamu na taa za rangi. Wao wakafungua dari ya nyuma, wakabadilisha mabati machache kwa yale yanayopitisha mwanga, na mashine ya kukaangia wakaihamishia huko chini ya bomba lake, joto na moshi vitoke bila kupita kwa wateja. Sakafu ya zamani waliisafisha na kuiacha. Nililolipenda zaidi ni kwamba kila kitu cha mbao, rafu, kaunta, benchi, ni mgrivea uliofungwa kwa nati na boliti, hakuna kilichojengewa ukutani. "Fremu ni ya mwenye nyumba, rafu ni zako," aliniambia. Mkataba ukiisha nafungua, napakia, nahamia pengine. Ninyi mnaopanga fremu na kuweka vigae na kabati za mamilioni kwenye jengo la mtu, lifikirieni hilo.

Kibanda ndicho kazi iliyowafurahisha wao wenyewe, ilionekana wazi. Mwezi wa Agosti tunakwenda maonyesho ya kilimo ya Nanenane viwanja vya Themi, Arusha, na wakati wa Kilimanjaro Marathon tunauza pale uwanja wa Ushirika, Moshi. Zamani tulikuwa tunakodi hema na meza za plastiki, tukifanana na kila mtu. Walichotengeneza ni fremu za mbao zenye bawaba, turubai juu, na kaunta ambayo yenyewe ndiyo sanduku la kubebea vyombo. Inaingia kwenye pikapu na watu wawili wanaisimamisha bila fundi. Mbele wameweka trei tatu kimo cha mkono: kahawa yenye ganda, iliyokobolewa, na iliyokaangwa. Watu wanashika, wananusa, wanauliza. Nimeona wazee waliolima kahawa maisha yao yote wakimwonyesha mjukuu pale kwenye trei, na maongezi yakianza hapo mauzo yanakuja.

Yapo yaliyonikera, na sitayaficha. Ofisi ya watu wachache ina mwendo wake. Kuna kipindi walipata kazi nyingine na simu zangu zikawa zinajibiwa kwa ujumbe mfupi tu, huku fundi amesimama ananiuliza lenta iko wapi. Makadirio ya kwanza ya nyumba yalisahau gharama ya kupandisha vifaa. Barabara yetu wakati wa masika tipa haipandi, mchanga na saruji vinashushwa chini na kubebwa kwa vichwa na pikipiki, na hiyo ni fedha halisi. Walipoambiwa walikaa na fundi wakaandika upya, tukaondoa kibaraza cha chini ili tubaki ndani ya bajeti, lakini ofisi ya Moshi ilipaswa kulijua jambo hilo tangu mwanzo. Na soketi za jikoni ni chache. Tumeongeza mbili baada ya lipu, na alama yake inaonekana.

Pia wasiwategemee wanaotaka zile picha za kompyuta zinazong'aa, zenye gari jeupe mlangoni. Wanachora kwa mkono na kutengeneza kinyumba cha boksi. Mimi mwanzoni kilinipa mashaka. Mama, ambaye mchoro wa ramani haumwambii kitu, alikishika, akainua paa, akaingiza kidole mlangoni akifuata njia ya kwenda bandani, akasema mlango wa stoo ukae upande wa pili. Na ukahamishwa.

Usimamizi wao ndio ninaosema ulistahili kila shilingi. Aliyechora ndiye aliyekuja saiti, kwa viatu vya mpira, akapanda juu kuangalia kenchi kabla bati halijapigwa. Palipokosewa alimwita fundi pembeni wakazungumza, hakumwaibisha mbele ya vibarua. Fundi wetu sasa akipewa kazi na watu wengine anawaambia wakamwone yule dada kwanza.

Ukitaka kwenda kwao kwa ajili ya nyumba ya kihambani, malizeni kwanza mazungumzo ya ukoo, nani anajengewa na mpaka uko wapi, kwa sababu wao hawachori palipo na ugomvi. Kibali cha Kibosho kinaombwa Halmashauri ya Wilaya, cha mjini kinaombwa Manispaa, na michoro wanaiandaa wao ila kufuatilia ni kazi yako. Chukua picha za kiwanja mvua ikinyesha, maana watakuuliza maji yanapita wapi. Ziara ya kwanza inalipiwa na usafiri wa kupanda ni juu yako, kwa hiyo mpigie simu dada mapema, na kama ni masika mtafutie bodaboda anayeijua njia.