Tela, Hema au Karavani: Kuchagua Malazi ya Safari za Familia kwa Gari

Familia inayotaka kulala porini kwa vifaa vyake yenyewe, badala ya kukodi vyumba viwili kila usiku, ina njia nne za kuchagua: tela dogo la kambi, hema la turubai linalosimikwa chini, hema linalofungwa juu ya gari, na karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Nimezipanga hapa nikifikiria wazazi wawili na watoto watatu wanaotoka Dar es Salaam mara chache kwa mwaka kwenda hifadhi za Mikumi, Udzungwa au Ruaha. Kipimo changu kikuu si ulaini wa godoro. Ninachouliza kwanza ni kama gari linabaki huru baada ya kambi kusimama.

Kwa kipimo hicho, tela dogo la kambi linashika nafasi ya kwanza. Ni sanduku la chuma au alumini lenye ekseli moja, jiko linalovutwa ubavuni kama droo, tangi la maji, na hema linalokunjuliwa juu ya kifuniko chake. Ukifika unalichomoa kwenye gari, unashusha mguu wake wa mbele, na kwa siku tatu hapo ndipo nyumbani. Tulipokuwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, mwanetu wa pili alipandisha homa saa nane za usiku. Mama yake alimfunga kanga, nikawasha gari, na tukawa njiani kwenda kwenye matibabu kabla ndugu zake hawajaamka, huku shangazi yao akibaki nao kambini. Kama tungekuwa tumelala juu ya paa la gari, tungeanza kwa kukunja hema gizani. Tangu usiku ule sijawahi kusita kuhusu nafasi hii ya kwanza.

Zipo pia furaha za kawaida, na kwangu hizo ndizo sababu ya kununua. Kila kitu kina mahali pake, kwa hiyo watoto wanajua sufuria ya uji iko droo ipi na nani anapampu maji. Mkubwa wetu, ambaye nyumbani huitwa mara tatu ndipo aamke, kambini ndiye anayebandika chai ya tangawizi kabla jua halijachomoza.

Hata hivyo, tela baya ni mzigo wa hatari, na hapa mnunuzi anapaswa kuwa mkali. Tela letu la kwanza lilipakwa rangi vizuri sana, lakini baada ya kilomita chache za barabara ya vumbi yenye rasta, yale matuta madogo madogo yanayofuatana, vyuma vilivyoshika droo ya jiko vilipasuka kwenye maungio, na tulipofungua sanduku tulikuta unga umegeuka mwekundu. Kwa hiyo lala chini ya tela kabla ya kulipa, uangalie maungio kwa tochi, hasa pale springi zinapokutana na fremu. Funga kifuniko juu ya kipande cha karatasi kisha ukivute: kikitoka kwa urahisi, vumbi nalo litaingia kwa urahisi. Hakikisha magurudumu yake ni ya saizi moja na ya gari lako na yana mpangilio uleule wa nati, ili tairi moja ya akiba itumike kote. Tela husajiliwa kwa namba yake lenyewe, hivyo dai kadi yake kama unavyodai kadi ya gari.

Uzito ndio jambo la mwisho, na ndilo kubwa kuliko yote. Soma kitabu cha gari lako, kwa sababu magari mengi hayaruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 kama tela halina breki zake. Mkono wa tela, yaani chuma chake cha mbele kinachoshikana na gari, unapaswa kulalia gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Uzito huo ukiwa mdogo kuliko hapo, tela huanza kuyumba kwenye mwendo. Sisi huupima kwa mizani ya bafuni na kipande cha ubao. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simama, kisha sogeza mkono wako taratibu karibu na kitovu cha kila gurudumu: joto kali hapo maana yake beringi inaomba grisi au inakufa, na ni heri kuligundua hilo Chalinze kuliko katikati ya mlima Kitonga, malori yakiwa mbele na nyuma yako.

Nafasi ya pili naipa hema la turubai la ardhini, na kwa familia inayoanza ningelinunua kabla ya tela. Chagua turubai la pamba iliyochanganywa na poliesta, lenye urefu wa kutosha mtu mzima kusimama, wala usivutwe na mahema mepesi ya nailoni ambayo huwa tanuri ifikapo saa tatu asubuhi. Likiwa jipya, lisimike uani, limwagie maji mengi, liache likauke, kisha rudia: nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Usilikunje likiwa bichi, maana ukungu hulitoboa. Udhaifu wake ni uzito, kwani lenye nafasi ya watu watano linaweza kufika kilo 30 au zaidi, na kazi ya kulisimika mvua ikinyesha.

Hema la juu ya gari ni la tatu. Hukunjuliwa kwa dakika chache na linafaa sana kwa wapenzi wawili, lakini mengi huwa na uzito wa kilo 50 hadi 80, wakati paa za magari mengi huruhusiwa kubeba kati ya kilo 75 na 100 tu gari likiwa linatembea. Watoto watatu hawaenei humo pamoja na wazazi, na mtoto mwenye usingizi anayeshuka ngazi kwenda haja ndogo ni jambo linalomnyima mzazi usingizi.

Karavani inabaki ya mwisho kwa njia zetu hizi. Ndani yake mna vitanda, friji na choo, na kwa anayekaa mwezi mzima mahali pamoja penye lami hadi getini inaweza kuwa ya kwanza. Lakini kuta zake nyepesi na makabati yake hayakutengenezwa kwa rasta, na njia ya vumbi ingeyalegeza skrubu moja baada ya nyingine.