Uzoefu wangu: njia ya Maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Milima ya Udzungwa

Ukiniuliza ni njia ipi ya Udzungwa inayokupa msitu mnene, korongo, maji ya kuogelea na kima wasiopatikana kwingine, vyote kwa siku moja, nitakutajia Sanje bila kusita. Naipa nyota nne na nusu. Nusu iliyopungua naikata kwa sababu ya joto kali la sehemu ya chini ya njia na mteremko wa kurudi. Hayo mawili ndiyo huwaharibia watu siku, na wengi hujiandaa kwa kupanda tu.

Udzungwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna kuzunguka kwa gari. Kila kitu ni kwa miguu. Kwa hiyo huduma unayolipia hapa ni njia yenyewe na mtu wa kukuongoza, na hivyo viwili ndivyo ninavyovipima.

Kutoka Dar es Salaam unapita Morogoro hadi Mikumi mjini, hapo unakata kushoto kushika barabara ya Ifakara, kisha unasafiri kama kilomita 60 kupitia Kidatu. Mabasi ya Ifakara yote yanapita huko. Kuna jambo la mpangilio ambalo ni vizuri ulijue mapema: ukitokea Mikumi utakipita kijiji cha Sanje kwanza, lakini usishuke. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, mbele kidogo, na huko ndiko unakolipa ada na kupewa mwongozaji. Ukishamaliza unarudi Sanje, kama kilomita 10 kaskazini, kwa bodaboda au gari la kukodi. Anayeshuka Sanje moja kwa moja hupoteza asubuhi nzima akihangaika kwenda na kurudi. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu, basi hakikisha kadi au simu yako ina salio kabla hujafika getini. Mimi nashauri ulale Mang'ula na umalize mambo ya malipo jioni, ili kesho yake kazi iwe ni kutembea tu.

Saa moja na nusu asubuhi uwe tayari unatembea. Sababu ni mbili. Kwanza, njia inaanzia karibu mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, hewa ni ya joto na unyevu, na saa nne ikishapita mwili unatoka jasho kuliko unavyoweza kunywa. Pili, ubavu huu wa milima umeelekea mashariki. Jua la asubuhi linapiga maporomoko usoni, na mchana ukisogea korongo linaingia kivulini. Anayetaka picha nzuri na anayetaka kupanda bila kuungua wote wanahitaji saa zilezile.

Njia ni fupi kwa hesabu, kama kilomita 5, lakini tenga saa nne hadi tano. Sehemu ya kwanza inapanda taratibu ndani ya msitu, halafu inakaza. Panda polepole tangu mwanzo, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Wanaoanza kwa kasi kwa sababu kuna kivuli ndio unawakuta wamekaa njiani na misuli imekaza. Beba maji lita tatu kwa kila mtu, na katika lita moja tia pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), maana jasho la huku linaondoka na chumvi nyingi, na maji matupu hayairudishi. Chakula kiwe cha kawaida: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi, karanga.

Ukifika pale miti inapofunguka utaona maji yote yakining'inia ukutani, na ukigeuka nyuma unaona bonde la Kilombero na mashamba ya miwa yametandazwa hadi macho yanapoishia. Vikundi vingi vikifika hapa hujisikia vimemaliza. Tafadhali usiishie hapa. Maji ya Sanje yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu, na kila ngazi ina tabia yake. Mwambie mwongozaji tangu Mang'ula kwamba mnataka kufika ngazi zote. Mkikaa kimya na akaona watu wamechoka, atawapitisha njia ya mkato, na hamtajua mmekosa nini.

Kwenye ngazi ya juu kuna bwawa la kuogelea, maji baridi na safi. Jiwe linaloteleza zaidi si lile lililozama, ni lile linalorushiwa manyunyu. Linaonekana jeusi na lina ukoga mwembamba kama utando wa uji uliopoa, na ukilikanyaga na soli ya plastiki ngumu unaondoka. Soli laini ya mpira yenye meno mafupi inashika vizuri zaidi kuliko buti zito la bei kubwa. Kandambili ziache nyumbani. Ingia majini ukitanguliza miguu, ukipapasa, wala usiruke, kwa sababu mafuriko ya kila masika husogeza mawe, na kina ulichokijua mwaka jana huenda hakipo tena. Usivuke kijito karibu na ukingo pale maji yanapoanguka, hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Ukiteleza hapo hakuna cha kushika.

Chini, kwenye mguu wa poromoko kubwa, upepo wa maji wenyewe unakulowesha ukiwa mbali. Simu iwe ndani ya mfuko wa nailoni, na kioo cha kamera ukifute kwa kitambaa kikavu kila unapopiga, kwani ukungu unarudi baada ya sekunde chache. Sauti ni kubwa kiasi kwamba mtu akikuita hausikii, basi kubalianeni ishara za mikono kabla ya kusogea.

Sasa mteremko. Udongo wa huku ni mfinyanzi mwekundu uliofunikwa na majani, na asubuhi unaweza kuwa umepanda vizuri kabisa usijue ni mtelezi kiasi gani. Kabla ya kuanza kushuka, fungua kamba za viatu uzikaze upya juu ya mguu, karibu na kifundo. Zikilegea, vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua, na kesho yake kucha zinakuwa nyeusi. Kata kucha siku moja kabla. Piga hatua fupi, kunja goti kidogo, kanyaga kwa unyayo mzima, maana kisigino kikitangulia kwenye mfinyanzi uliolowa ndicho kinachokuangusha. Mizizi inayokatiza njia imesuguliwa na miguu ya watu mpaka gamba limetoka, basi ivuke, usiikanyage. Fimbo moja imara inayofika kiunoni inapunguza mzigo wa magoti sana. Waongozaji hukupatia ukiomba.

Gogo likilala njiani usiliruke. Simama, chungulia upande wa pili, ndipo uvuke. Moma hulala kwenye majani makavu, na rangi zake zinafanana na majani kiasi kwamba unaweza kumtazama usimwone. Si nyoka wa kukimbiza watu, anauma akikanyagwa. Suruali ndefu uichomeke ndani ya soksi, na hilo linakusaidia pia kwa kupe na siafu. Ukikuta mstari wa siafu, uvuke kwa hatua moja ndefu na uendelee. Wakishakupanda, ondoka kwanza mita kadhaa, halafu uwatoe ukianzia kwenye soksi, maana ukisimama palepale wanaongezeka. Upupu nao unahitaji tahadhari kandokando ya njia za chini, hasa kiangazi maganda yakikauka. Ukikugusa usikune. Gandisha utepe wa gundi juu ya ngozi na uuvute, vinyweleo vitatoka nao.

Kuhusu wanyama, hapa ndipo mwongozaji mzuri anapoonyesha thamani yake. Udzungwa ni moja ya sehemu chache Afrika ambako msitu umeungana bila kukatika kuanzia chini, karibu mita 250, hadi zaidi ya mita 2,000. Pepo za Bahari ya Hindi zinagonga ukuta huu wa mashariki na kumwaga mvua, na ndiyo maana upande huu una kijani kibichi hata wakati bonde limekauka. Ndani yake kuna mbega mwekundu wa Udzungwa, na kima wa Sanje ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na ambaye haishi mahali pengine popote duniani. Huyu utamsikia kabla ya kumwona: dume hutoa mlio wa nguvu unaosafiri mbali msituni, kisha unasikia majani yanachakura chini, kwa sababu kundi hutumia muda mwingi ardhini likitafuta mbegu na wadudu. Mbega tazama juu, kima wa Sanje tazama chini. Mkiwa kikundi cha watu zaidi ya sita wenye kuongea, mtaambulia milio tu. Tembo na nyati nao wamo, basi ukiona mwongozaji amesimama ghafla na kuinua mkono, simama na unyamaze, maswali baadaye.

Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Maji yanapungua kiasi kuelekea mwisho, lakini njia inakauka na mabwawa yanakuwa salama. Machi hadi Mei poromoko ni kubwa la kutisha, ila mimi sishauri kuteremka kwenye mabwawa. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku kwenu jua linawaka. Dalili za mafuriko kuja ni maji kubadilika rangi kuwa ya chai, majani na vijiti kuanza kuelea, na mvumo kuwa mzito. Ukiona hata moja, toka na upande juu, usirudi kuchukua begi.

Kwa watoto wadogo, wazee au mwenye magoti mabovu, Sanje siipendekezi. Wapeleke Maporomoko ya Prince Bernhard, kilomita 1 tu kutoka makao makuu, dakika 40. Yamepewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira. Njia ya Sonjo, kilomita 2.5, saa mbili, inapita kwenye miombo na ina mwanga zaidi, lakini ukishaiona Sanje utaiona hii nyepesi. Wenye miguu iliyozoea wana njia ya kilele cha Mwanihana, kilomita 38 kwa siku tatu, wakilala kwenye mahema na wakisindikizwa na askari mwenye silaha. Hiyo toa taarifa mapema Mang'ula ili askari na wabeba mizigo wapangwe, na uitangulize Sanje siku mbili kabla, ujue magoti yako yanasemaje kwenye mfinyanzi ule.