Muuzaji kaniharibia "Forever Autumn"

Nimetoa nyota moja, na hiyo moja ni ya wimbo, si ya muuzaji.

Majuzi niliagiza mtandaoni santuri kuukuu za mtunzi Jeff Wayne, zile za "The War of the Worlds" za mwaka 1978, albamu inayosimulia kwa nyimbo jinsi viumbe wa Mirihi walivyoivamia Uingereza. Tangazo lilisema hazina mkwaruzo. Upande wa kwanza ukapiga safi kabisa. Nikageuza. "Forever Autumn" uko upande wa pili, na ndio ulionitoa pesa. Gitaa likaanza, Justin Hayward akaingia na ile sauti yake ya mtu aliyekwisha kubali kwamba kaachwa, nikaongeza sauti, kisha tak, tak, tak. Sindano imenasa. Ukiisukuma kidogo kwa kidole, inaruka ubeti mzima na kuangukia kwenye masimulizi ya Richard Burton.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote, na picha ya mkwaruzo juu. Jibu lake: "Kitu cha zamani hicho, ulitaka nini? Pande zingine tatu si zinapiga?" Yaani nimenunua pilau, nauliza nyama iko wapi, naambiwa mchele si umeiva!

Wengi wakiitaja albamu hii wanazungumzia viumbe wa Mirihi na ule ukelele wao. Wimbo huu wanauchukulia kama mapumziko tu. Wanakosea sana. Jamaa wa kwenye hadithi kapenya barabara zilizojaa wakimbizi, anafika London nyumbani kwa mpenzi wake Carrie, anakuta hakuna mtu. Vita vimechacha nje, yeye anaimba majani yanavyopukutika. Mimi mtu wa Tanga, majani ya namna hiyo nimeyaona ukubwani, na bado wimbo unanikaba koo. Na kumbe tuni yenyewe Wayne aliitunga kwa tangazo la Lego! Gary Osborne na Paul Vigrass wakaitilia maneno, na miaka kadhaa baadaye Hayward akaipandisha hadi nafasi ya 5 Uingereza. Vitofali vya watoto, jamani.

Haya, nisimwonee mtu: jalada ni zima, na kile kijitabu cha picha kimo. Basi nyota mbili. Labda tatu.

Hapana. Jana nimejaribu tena, imenasa palepale, kwenye mstari ninaoupenda kuliko yote. Moja. Akinirudishia hata nusu ya pesa nitaongeza.

La, siongezi.