Maabara ya Kondele iliyomtoa mdogo wangu kwenye hofu ya ini

Nyota tano, hasa kwa sababu ya karatasi yao ya majibu.

Mdogo wangu alipogeuka macho ya manjano, zahanati ya kwanza ilimpima bilirubini (rangi ya manjano iliyomo kwenye damu) ya jumla peke yake. Ikatoka 41, wakati kawaida haizidi 20 hivi, naye akaambiwa ini limeharibika. Mama alilia. Majirani wakaanza kuleta mitishamba.

Hapa Kondele walirudia kipimo kwa kuitenganisha bilirubini sehemu mbili: iliyopita kwenye ini na ambayo bado. Jumla 39, ila ile ambayo ini limeshaishughulikia ni 5 tu. Dada wa maabara alimweleza mama taratibu, kwa Kiswahili cha kueleweka: chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjika na kutoa bilirubini, ini huipokea, huibadilisha, kisha huitoa pamoja na nyongo. Ikiwa iliyojaa imeshapita kwenye ini, daktari atafikiria homa ya ini, pombe, dawa kama zile za TB, au vijiwe vilivyoziba njia ya nyongo. Hapo mara nyingi mkojo huwa kama chai ya rangi na choo hupauka. Ikiwa haijapita, kwanza huangaliwa kama damu inavunjika kwa kasi, na huku kwetu malaria na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) ni za kuulizia mapema.

Malaria hakuna, selimundu hakuna, damu imetosha, vimeng'enya vya ini (vinavyoonyesha kama ini limeumia) viko sawa. Nilipowauliza dawa gani anywe, walikataa kabisa kutaja, wakasema hiyo ni kazi ya daktari. Niliwaheshimu sana kwa hilo. Daktari ndiye aliyetuambia ni hali ya Gilbert: mtu huzaliwa nayo, haihitaji dawa, na bilirubini hupanda akikaa na njaa. Kijana alikuwa amefunga kwa maombi ya kanisani!

Nilipenda pia walivyofunika chupa ya damu isipigwe na mwanga, kwa kuwa mwanga huipunguza bilirubini na kuharibu majibu.

Benchi la kungojea ni fupi mno, wagonjwa wanasimama nje juani. Waongeze viti. Malipo ni kwa M-Pesa, majibu tuliyapata siku hiyo hiyo. Ukienda, omba bilirubini zote mbili ziandikwe, ya jumla na iliyopita kwenye ini, nawe utaje dawa zote unazokunywa, hata za mitishamba, kwenye fomu ya daktari.