Chekechea ya kijiji au darasa la awali shuleni?

Uganda ilifuta karo ya shule za msingi za serikali mwaka 1997, lakini chekechea haikuguswa; sheria ya elimu ya 2008 iliiacha mikononi mwa watu binafsi. Ndiyo maana watoto wengi wa vijijini huanza darasa la kwanza bila kuwahi kushika penseli. Wazazi wa wilaya kama Busia au Yumbe wafanyeje?

Chekechea ya kijiji ipo karibu, na kwa mtoto wa miaka 4 umbali ndio kila kitu. Wanakaa mkekani kanisani au msikitini, wanahesabu vifuniko vya soda, mlezi anawafundisha kwa lugha ya nyumbani. Wazazi huchangia unga na kuni za uji. Tatizo ni posho ya mlezi: msimu wa njaa haipatikani, naye anarudi shambani.

Darasa la awali ndani ya shule ya serikali, pale lilipo, lina vyoo, uzio na mwalimu mkuu wa kusimamia. Ila ni mbali, na walimu wenyewe hawatoshi.

Mimi ningeanza na ya kijiji, mradi halmashauri ya wilaya imsomeshe mlezi na kumlipa.